Kupanga Uso wa Saa Janja kwa Jua la Tabora

Uso wa saa janja ni picha tu. Programu iliyo ndani ya saa huuchora upya kila dakika, na katika baadhi ya saa kila sekunde, juu ya kioo ambacho chenyewe hakina tarakimu wala mishale. Ndiyo maana mvaaji anaweza kubadilisha rangi, maandishi na mpangilio wake wote bila kumwendea fundi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mvaaji wa Tabora na wa miji mingine iliyo kwenye njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe na kwenda kuishia Ujiji, kwa kuwa mvaaji huyo ana mahitaji mawili ambayo nyuso zinazokuja na saa kutoka dukani haziyatimizi. La kwanza ni kwamba yeye hutaja wakati kwa hesabu ya Kiswahili, inayopishana kwa saa sita na tarakimu zilizo kwenye kioo. La pili ni kwamba jua la kwao huchomoza, hufika utosini na kuzama likiwa limechelewa nyuma ya saa rasmi ya nchi. Hayo mawili yakishapatiwa dawa, mambo ya rangi na mapambo ni mepesi.

Istilahi tatu zinatosha kuanzia. Uso wa mishale ni ule unaoiga saa ya zamani, wenye mshale mfupi wa saa na mrefu wa dakika, ambao Kiswahili cha vitabuni bado huuita akrabu; uso wa tarakimu ni ule unaoandika wakati kwa namba; na kidirisha ni nafasi ndogo ndani ya uso, iwe juu, chini au pembeni, inayoonyesha jambo jingine mbali na saa yenyewe, kama vile tarehe, kiwango cha chaji, hali ya hewa au wakati wa mji wa mbali. Katika saa za Apple, za Samsung na nyingine zinazotumia mfumo wa Wear OS, kazi huanza kwa kubonyeza kioo katikati na kukishikilia kwa sekunde moja au mbili, mpaka uso uliopo usinyae na nyingine zijipange pembeni yake. Mvaaji hutelezesha kidole hadi aufikie anaoutaka, kisha hugusa neno la kuhariri au alama ya kalamu, na hapo kila kidirisha hugeuka kisanduku kinachoweza kuguswa na kubadilishwa. Kazi hiyo hiyo hufanyika kwa raha zaidi kwenye simu, kupitia programu inayoiunganisha na saa, kama vile Watch, Galaxy Wearable, Zepp au Huawei Health, kwa sababu ncha ya kidole ni pana kuliko vingi vya visanduku hivyo. Saa za bei nafuu, zile zinazounganishwa na simu kwa programu kama Da Fit, huwa na uhuru mdogo: aghalabu huruhusu kuchagua uso kutoka kwenye orodha, kuweka picha ya mvaaji nyuma ya tarakimu, na kuhifadhi uso mmoja tu uliopakuliwa, hivi kwamba mpya ukiingia wa zamani hufutika.

Msomaji hahitaji kufundishwa kwamba saa moja asubuhi huandikwa 7:00 kwenye kioo, lakini inafaa kuangalia namna macho yake yanavyolimaliza jambo hilo. Kwenye uso wa mishale, mtu aliyekulia katika lugha hii hatoi sita kichwani. Hutupa jicho upande wa pili wa mshale mfupi, kwa kuwa 1 imekaa mkabala na 7, 2 mkabala na 8, na 3 mkabala na 9, na hesabu humalizika kabla haijaanza. Uso wa tarakimu humnyang'anya mkabala huo, kwa maana 7:45 haina upande wa pili, na mvaaji hulazimika kukokotoa kila anapotazama mkono wake. Kwa hiyo mwenye saa ya bei nafuu, ambayo haitamruhusu lolote kati ya yatakayofuata, achague uso wa mishale wenye namba zote kumi na mbili, aachane na ule wa kisasa wenye vistari vinne tu, hata kama wauzaji wanausifu kwa umaridadi.

Anayetaka tarakimu zinazosema saa ya Kiswahili moja kwa moja anaweza kuzipata bila kupakua chochote, kwa kutumia kidirisha cha saa za dunia, yaani kile kinachoonyesha wakati wa mji mwingine. Saa za Afrika Mashariki zimetangulia saa za Greenwich kwa saa tatu, na za Japani zimezitangulia kwa saa tisa. Tofauti ni sita kamili, na kwa vile Japani haina desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi na kuzirudisha nyuma baadaye, kama zifanyavyo nchi nyingi za Ulaya, tofauti hiyo haiyumbi mwaka mzima. Kidirisha kilichowekwa Tokyo, kikionyesha wakati kwa mtindo wa saa 12, kitasoma 1:00 huku Tabora ikiwa saa moja asubuhi, na kitasoma 1:00 tena ikifika saa moja usiku. Mvaaji huongeza kwanza Tokyo katika orodha ya miji ya programu ya saa, huzima mtindo wa saa 24 katika mipangilio ya saa na ya simu, kisha hurudi kwenye uso, hubonyeza na kushikilia, huingia kuhariri, hugusa kidirisha kikubwa kuliko vyote, na kuchagua saa za dunia kisha Tokyo. Akiacha mtindo wa saa 24 ukiwa umewashwa, mchana kidirisha kitamwandikia 13:00 badala ya 1:00, na faida yote itakuwa imepotea. Kwa wenye saa ya Apple kuna hatua moja ya ziada inayofaa kufanywa: kifupisho cha mji, ambacho kwa Tokyo huwa ni herufi tatu, kinaweza kubadilishwa kupitia programu ya Watch kwenye simu, katika sehemu ya saa, kwa hiyo mahali pa jina la mji wa Japani pakaandikwa SWA au herufi nyingine zozote atakazozipenda mwenyewe.

Herufi za AM na PM, zikiwapo, zisimchanganye. Katika kidirisha hicho PM itaonekana kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na AM itashika usiku kucha, kwa hiyo PM isomwe kuwa mchana na AM kuwa usiku, jambo ambalo kwa kweli ni jepesi kuliko maana zake za Kiingereza. Buenos Aires, iliyo nyuma ya Greenwich kwa saa tatu, hutoa tarakimu zile zile, ila herufi zake hugeuka, na zaidi ya hayo haina faida ambayo Tokyo inayo katika suala la tarehe.

Faida yenyewe ni hii. Katika hesabu ya Kiislamu, ambayo mazungumzo ya Kiswahili yameirithi, siku huanza jua linapozama, na ndiyo sababu usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Siku ya Tokyo huanza saa sita za usiku za kule, nazo kwa Tabora ni saa kumi na mbili jioni, hivyo kidirisha kinachoonyesha jina la siku pamoja na saa ya mji huo kitageuka kuwa Ijumaa jioni ya Alhamisi, karibu na magharibi, kama lugha inavyotaka. Mwenye kuhesabu siku za mwezi mwandamo atakipenda. Hata hivyo tarehe ya kiserikali ibaki mahali pake katika kidirisha kingine, kwa sababu anayejaza fomu ya benki jioni hawezi kuandika tarehe ya kesho, na kwa sababu njia hii ya misafara ina mfano wake mashuhuri wa watu waliopishana tarehe: kukutana kwao Ujiji mwaka 1871 kumeandikwa na Henry Morton Stanley kuwa kulitokea tarehe 10 Novemba, ilhali shajara ya David Livingstone inalisimulia tukio lilelile chini ya tarehe 24 Oktoba. Walisalimiana wakiwa na zaidi ya majuma mawili kati yao. Tarehe ya kidirisha iandikwe kwa tarakimu, siku kisha mwezi, hasa katika saa ambazo hazina Kiswahili katika orodha yake ya lugha, ili mvaaji asilazimike kusoma majina ya miezi yaliyokatwakatwa kwa Kiingereza.

Kidirisha, hata kiwe kikubwa namna gani, ni kijakazi cha saa nyingine inayotawala katikati ya kioo, na wapo watakaotaka uso mzima uzungumze Kiswahili. Kwa saa za Apple hilo haliwezekani, kwani kampuni hiyo hairuhusu nyuso zilizobuniwa na watu wa nje. Kwa saa za Wear OS linawezekana, na Samsung hutoa bila malipo programu ya kompyuta iitwayo Watch Face Studio ambayo humwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kubuni uso wake kwa kupanga picha na maandishi. Katika uso wa tarakimu, kanuni ni kuongeza sita kwenye saa, kuondoa kumi na mbili kila inapozidi, na kuandika 12 pale jibu linapokuwa sifuri. Katika uso wa mishale hakuna hesabu yoyote. Mshale wa saa huzunguka nyuzi 30 kwa kila saa, kwa hiyo saa sita ni nyuzi 180, yaani nusu ya duara. Anayebuni uso achore mshale mfupi ukielekea chini badala ya juu, auingize katika programu ukiwa hivyo hivyo, na ahakikishe tundu lake la kuzungukia limekaa katikati kabisa ya duara. Mshale wa dakika hauguswi. Programu itadhani inauelekeza mshale kwenye 7, nao utaelekea kwenye 1. Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuigeuza picha baada ya kuiingiza, ambapo tundu la kuzungukia huhama nayo na mshale ukaanza kuzunguka kama mlevi. Dawa ni kuigeuza katika programu ya kuchorea kwanza, na kuifanya picha iwe na urefu sawa na kioo kizima, mshale ukishika nusu ya chini na nusu ya juu ikiachwa tupu.

Baada ya lugha, jua. Saa rasmi ya Tanzania imejengwa juu ya mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, nje kabisa ya mipaka ya nchi, ilhali Tabora iko karibu na nyuzi 32.8. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika nne, hivyo jua la Tabora liko nyuma ya saa rasmi kwa takriban dakika 49. Na kwa kuwa mwendo wa jua nao hukimbia na kusita kidogo kwa kufuata majira, jua hufika utosini kati ya saa 6:32 mchana mwanzoni mwa Novemba na saa 7:03 katikati ya Februari. Huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1:00 asubuhi, na huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni au karibu na hapo. Bagamoyo hulitangulia jua la Tabora kwa kama dakika 24, na Ujiji hulifuata kwa kama dakika 12 au 13. Hesabu hii ya dakika nne kwa uzi ndiyo waliyoitumia wasafiri wa karne ya 19 kujua walipofika: walilinganisha adhuhuri ya mahali walipo na saa iliyobebwa kutoka mbali, kisha tofauti wakaigeuza kuwa nyuzi. Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, kama walivyoiita Tabora, tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku zaidi ya 130 njiani, walibeba saa za namna hiyo, nazo zikawaharibikia.

Funzo la kivitendo ni kwamba kidirisha cha kuchomoza na kuzama kwa jua kisitegemee mji mkuu wa kibiashara. Programu nyingi za hali ya hewa, zisiporuhusiwa kujua mahali ilipo saa, humpa mvaaji nyakati za mji wa kwanza katika orodha, na mara nyingi mji huo ni Dar es Salaam au Nairobi. Tofauti ya Dar es Salaam na Tabora ni takriban dakika 26, ambayo kwa anayesubiri kufuturu si ndogo: atakula kabla ya jua kuzama. Mvaaji aandike Tabora kwa mkono katika mipangilio ya programu hiyo, au airuhusu itumie mahali alipo pale tu programu inapotumika. Kati ya nyuso zenye kufaa zaidi ni zile zinazochora njia ya jua kama upinde, jua likiwa ni doa linalopanda na kushuka, mfano wake ukiwa Solar Graph ya Apple, kwani humwonyesha mtu kwa mtazamo mmoja muda uliobaki kabla ya giza. Misafara iliishi kwa saa ya aina hiyo. Ilianza mwendo alfajiri, kirangozi akitangulia, ikapiga kambi kabla jua halijakuwa kali, na mwendo wa kuanzia alasiri hadi usiku, ulioitwa tirikeza, ulifanywa hasa katika nyika zisizo na maji, ambako kukaa kulikuwa hatari kuliko kwenda.

Wanaokwenda magharibi zaidi wana tatizo jingine. Burundi, Rwanda na upande wa mashariki wa Kongo hutumia saa iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu inayopanga saa zake yenyewe ikidaka mnara wa ng'ambo, kama inavyoweza kutokea kandokando ya Ziwa Tanganyika, hujirudisha nyuma na kuivuta saa ya mkononi pamoja nayo. Aendaye Kigoma azime upangaji wa ukanda wa saa wa moja kwa moja, achague Dar es Salaam au Nairobi kwa mkono, asije akakosa treni.

Kuhusu rangi, jambo la kujua ni aina ya kioo. Kioo cha AMOLED huwasha kila doa la mwanga, yaani pikseli, peke yake, hivyo mahali palipo peusi pamezimwa na hapali chaji. Kioo cha LCD kina taa moja inayoangaza nyuma ya eneo lote, na weusi wake haupunguzi chochote. Mwenye AMOLED achague uso mweusi wenye tarakimu nene nyeupe au njano, ambazo husomeka hata kwenye jua la saa saba mchana katika mwezi wa Septemba, wakati majani ya miombo yamepukutika na mwanga unarudi kutoka ardhini. Maandishi membamba ya kijivu, ambayo hupendeza sana dukani chini ya taa, barabarani hayaonekani. Nyuso zenye picha zinazotembea zinapaswa kuachwa na yeyote anayesafiri siku nzima bila soketi.

Picha ya mvaaji mwenyewe huhitaji uangalifu zaidi ya inavyodhaniwa. Tuseme mtu amepiga picha ya tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872: paa bapa, kuta za rangi nyekundu iliyokoza, na anga jeupe juu yake. Tarakimu nyeupe zikiwekwa juu ya anga hilo zitapotea. Picha ikatwe ili ukuta mwekundu ushike theluthi mbili za juu, au ipigwe asubuhi mapema ambapo anga lina rangi. Na kama kioo ni cha duara, kila kilicho kwenye pembe nne kihesabiwe kuwa hakipo. Miembe ya Tabora, ambayo wengi huipenda, ni mandhari mazuri kuliko tembe kwa kazi hii, kwa sababu kivuli chake ni kipana, cheusi na kimetulia.

Kidirisha cha kuhesabu hatua hupewa nafasi ya heshima katika nyuso nyingi, na kwa mtu anayekwenda kwa miguu kila siku hakina la kumwambia. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, hadi pwani, na hakuna aliyemwandikia hatua zake. Nafasi hiyo inafaa zaidi kwa chaji, au kwa dira, ikiwa saa ina kifaa cha kupimia sumaku, kwani kibla kutoka Tabora ni kaskazini, kukiinamia mashariki kwa kama nyuzi 14. Mkanda wenye kishikizo cha sumaku uvuliwe kabla ya kuiamini dira hiyo. Uso uliopakuliwa ukiomba kusoma ujumbe mfupi au majina yaliyo katika simu, ufutwe mara moja, maana hakuna saa inayohitaji kujua jina la mtu ili ioneshe wakati.

Kazi yote ikishakamilika, ijaribiwe kwa redio. Kesho asubuhi mtangazaji atakapotaja saa moja kamili, kidirisha cha Tokyo kinapaswa kusoma 1:00. Saa kuu ya uso ikisoma 6:00 badala ya 7:00, simu iko kwenye ukanda wa Kigali na irudishwe, na kidirisha kikisoma 13:00, mtindo wa saa 24 haujazimwa.